Kuku Aliyebaki Sahanini

Jalia Nakimera alipiga magoti katikati ya Likoni, saa nne za asubuhi, feri imeshusha watu sasa hivi, na kwa muda wa dakika nzima hakuna aliyeweza kupita.

Alipiga magoti kwa sababu alikuwa na adabu. Kwao Butambala, katika nchi ya Uganda, msichana aliyelelewa vizuri hamsemeshi mtu mzima akiwa amemsimamia wima kama mlingoti. Alikuwa amemwona mzee mmoja wa kanzu na koti, kasimama kando ya basi, akataka kumwuliza kama lile ndilo basi la Msambweni. Basi akashuka chini, magoti yote mawili kwenye tope la masika, viganja amevikutanisha, akaanza, "Shikamoo, baba..."

Mzee hakuitikia. Alikuwa akitazama mbele, na anayemsemesha yuko chini. Aliyemwona ni kijana aliyekuwa akija nyuma na mfuko wa barua begani, suruali fupi ya kaki imenyoshwa hadi mikunjo yake inaweza kukata mkate, kofia ya viua, kalamu mbili mfukoni.

"Umeangusha nini, bibie?" akauliza, na kabla hajajibiwa naye akapiga magoti, akaanza kupapasa tope. "Pete? Hereni?"

"Kapoteza nini?" akauliza mama wa mahamri.

"Kipuli cha dhahabu," akajibu mtu ambaye hakuwa ameambiwa lolote.

Watu sita wakainama. Mmoja akasogeza kikapu cha kuku, mwingine akamwamuru dereva asiwashe gari. Jalia, amezungukwa na migongo, alitamani ile kamba ya feri imzunguke shingoni imvute baharini.

"Sijaangusha kitu!" akasema hatimaye. "Mimi nasalimu mzee!"

Kijana akainua uso. "Unamsalimu?"

"Ndiyo."

"Kwa magoti?"

"Nyinyi nasalimu na nini?"

"Kwa mdomo, bibie," akasema yule kijana, na kicheko kilichofuata kilimfuata Jalia mpaka ndani ya basi.

Kiswahili chake alikipata kwa baba yake, aliyekuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, na kupigana huko Burma, na baba alikileta nyumbani kama alivyoleta viatu vyake: kizito, chenye misumari. Alikijua vya kutosha kuomba maji na kuamrisha kikosi. Tena alikuwa amevaa gomesi yake ya zambarau, lile gauni refu la kwao lenye mabega yaliyochongoka kama pembe na mshipi wa hariri unaoning'inia hadi magotini, na sasa sehemu ya magoti ilikuwa na madoa mawili ya tope, kama macho.

Kijana akalibeba sanduku lake la bati kulipandisha. "Mna mawe humu?"

"Kuna kitabu ya ukunga. Na ndizi."

"Ndizi! Unapeleka ndizi Msambweni? Bibie, huko ndizi zinatuangukia vichwani." Akaketi kiti cha mbele yake, akageuka. "Mimi naitwa Mwero. Niko posta ya Msambweni, barua na simu. Ukitaka kulalamika kwenu kwamba watu wa pwani hawana adabu, barua yako itapita mikononi mwangu."

"Utasoma?"

"Unaandika kwa lugha gani?"

"Luganda."

"Basi niko salama."

Jalia akageuza uso dirishani ili asimwone akitabasamu. Minazi ikapita, na mingine, na mingine, mpaka akashangaa Mungu ana minazi mingapi.

*

Chuo kilikuwa kidogo, nyumba mbili za mawe na bweni la makuti, kimefunguliwa mwaka ule wa hamsini na saba na chama kimoja cha Waislamu ili wasichana wa nchi hizi zote wafundishwe ukunga mahali pamoja. Walikuwa tisa. Mafunzo ni miezi kumi na minane, kisha kila mmoja arudi kwao akazalishe wanawake wa kwao. Hilo Jalia aliliwekea saini Kampala, mbele ya baba yake, na wala halikumpa taabu. Angebaki pwani afanye nini?

Siku za kwanza zilikuwa ndefu. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi. Joto lililala naye kitanda kimoja. Usiku alisikia makuti yakichakarika akadhani ni mvua, akaamka kuanua nguo, akakuta nyota. Kitanda cha kulia kilikuwa cha Bimkubwa kutoka Pemba, mnene, mweupe wa meno, ambaye alizungumza Kiswahili kama mtu anayesuka ukili, na kila Jalia alipokosea alimrekebisha kwa kumpiga kofi la paja. Kitanda cha kushoto kilikuwa cha Moinaecha kutoka Ngazidja, aliyekuwa akijipaka msindano, liwa ya kwao, usoni kila Ijumaa, na aliyelia kimyakimya wiki nzima ya kwanza huku akikataa kwamba analia.

"Ni mafua," alisema Moinaecha.

"Mafua ya Ngazidja hutoka machoni?" Bimkubwa akamwuliza, kisha akaenda kulala naye, wakabanana kitanda kimoja mpaka asubuhi.

Wakafundishana. Bimkubwa alimvisha Jalia buibui kwa mara ya kwanza, akakanyaga pindo, akaanguka hatua ya tatu. Jalia naye aliwapikia ndizi mbichi za Ukunda, zimefungwa majani na kuivishwa kwa mvuke kama kwao, na Moinaecha akasema ni tamu, na Bimkubwa akauliza chumvi iko wapi.

Kitu kimoja tu Jalia hakuwaonyesha. Kila Jumatatu na Alhamisi wasichana walipewa yai la kuchemsha. Siku ya kwanza alilitazama, likamtazama.

"Huli?" akauliza Bimkubwa.

"Linaniletea tumbo."

Huo ulikuwa uongo. Kwao, mwanamke hali kuku wala yai lake; ni mwiko wa zamani. Wasichana wengi wa Kampala walikwisha kuutupa, na shuleni alikosoma waliucheka. Lakini Jalia alilelewa na jajja, bibi yake mzaa baba, na usiku wa kuamkia safari jajja alimshika mkono akamwambia, "Wanaokwenda nchi za watu hurudi wanakula kuku. Niapie wewe hutarudi hivyo." Akaapa. Sasa angewaelezaje hawa? Walikwisha kumcheka magoti, na Kiswahili, na pembe za gauni. Hakutaka kuongeza. Basi Moinaecha akawa anakula mayai mawili, akanawiri.

*

Mwero alikuwa na kazi mbili posta, na zote alizitumia vibaya. Ya kwanza ilikuwa kuuza stempu. Jalia alipoleta barua ya jajja, aliipima, akaigeuza, akaipima tena.

"Imezidi uzito."

"Ni karatasi moja!"

"Basi ni maneno mazito. Umenisema vibaya?"

Ya pili ilikuwa simu. Chuo kilikuwa na simu moja, ofisini, na wanafunzi waliwekewa zamu ya kuipokea wakati mkuu wa chuo, mama mmoja wa Kiingereza, akifundisha. Haikupita muda Mwero akaijua zamu ya Jalia kuliko Jalia mwenyewe.

"Halo, chuo?"

"Chuo."

"Hapa posta. Napima laini."

"Laini nzima."

"Nasikia mkwaruzo. Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema jina langu, lina herufi chache, halitaumiza nyaya."

"Mwero."

"Alhamdulillahi. Imepona."

"Mwero, mama mkuu anakuja."

"Mwambie laini ya Msambweni ni mbovu, itahitaji kupimwa kila siku."

Kiswahili cha Jalia kilivua viatu polepole. Alianza kusema "ninakuja" na "vitabu vyangu", na siku moja akamtania Mwero kwa sentensi ndefu isiyo na kosa, Mwero akamtazama, akasema, "Sasa utanishinda, laazizi. Nilikuwa na silaha moja tu." Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. Jalia alirudi chuoni akisahau stempu alizonunua.

Walitembea Ijumaa, baada ya alasiri, Bimkubwa nyuma yao hatua kumi akikohoa kila sauti zao zilipopungua. Jalia alimkumbusha lile la saini: miezi kumi na minane, kisha Uganda. Mwero akasema anajua. Wakatembea kidogo. Kisha akasema, "Mama kataka nikupeleke umsalimie."

Jalia akasimama. "Umemwambia nini?"

"Sikusema kitu. Anasema napiga mbinja nikioga." Akageuzageuza kofia mkononi. "Yuko peke yake, baba alifariki nikiwa na miaka kumi na moja. Mama akimpenda mtu humpikia. Akimpenda sana humchinjia. Asipompenda, Jalia, mimi sitaweza. Nakwambia mapema. Kinyume chake siwezi kwenda."

*

Nyumba ya Bi Mwanaima ilikuwa ya udongo uliosiribwa vizuri, ua umefagiwa, mistari ya chelewa bado inaonekana. Alitoka mwenyewe kuwapokea, mwembamba, leso mbili mpya za rangi ya chungwa bado zina ukakasi wa dukani, akamkumbatia Jalia kabla hajapata nafasi ya kushuka chini.

"Karibu mwanangu, karibu nyumbani. Na wewe mwana wa Pemba, karibu. Kaeni, kaeni. Mwero, leta maji ya kunawa, umesimama kama mgeni wewe?"

Harufu ilikwisha kumfikia Jalia tangu kwenye ua. Alijua. Wali wa nazi ukaletwa, kisha sinia, kisha bakuli lililofunikwa kawa. Bi Mwanaima akafunua mwenyewe kwa mikono miwili. Alikuwa kuku mzima wa mchuzi wa nazi, na paja kubwa kuliko yote, pamoja na firigisi, viliwekwa juu ya wali upande wa Jalia.

"Nimemfuga mwenyewe," akasema Bi Mwanaima. "Bismillahi."

Bimkubwa hakungoja kuambiwa mara mbili. Mwero akamtazama mama yake, halafu Jalia, uso wake umejaa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Jalia alilitazama paja. Akaona mkono wa jajja, mishipa yake, ulivyombana siku ile. Kusema kweli kulikuwa maneno machache tu. Lakini mbele ya mama huyu, na sinia hili, na Bimkubwa ambaye kesho angeligeuza mzaha wa bweni zima, ulimi ulimkatalia.

"Mama," akasema, "naomba radhi. Nimefunga."

"Jumapili?" akauliza Bi Mwanaima.

"Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Aa, basi! Mungu akutakabalie." Bi Mwanaima akalifunika paja kwa upole. "Ungesema mapema ningekupikia jioni. Mwero huyu hana hata akili ya kuuliza."

Wakakaa saa nzima, wenzake wakila, Jalia akimeza mate na aibu kwa zamu. Waliporudi, walipofika njia panda ya chuo, palikuwa na mtu wa madafu. Jalia alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi kwa kuhofia ziara. Akanunua moja, akainua.

"We!" Bimkubwa akashangaa. "Si umefunga?"

"Nitakueleza."

Kengele ya baiskeli ikalia nyuma yao. Mwero alikuwa amekimbiza ile baiskeli, jasho linamtiririka, na kwenye usukani kuna kikapu kilichofungwa kitambaa. Dafu lilikuwa bado mdomoni mwa Jalia. Maji yakamchuruzika kidevuni.

Mwero aliteremka taratibu. Alitazama dafu. Akatazama kikapu.

"Mama kasema usifuturu chakula cha bweni," akasema. "Kakutilia paja lako." Akatazama jua lilipo. "Sikujua kwamba magharibi ya kwenu huingia saa tisa."

"Mwero, ngoja, si hivyo..."

"Hapana. Kunywa. Jua kali."

Akaigeuza baiskeli na kikapu chake, akaondoka, na hakupiga kengele tena.

*

Wiki nzima laini ya chuo ilikuwa nzima, hakuna aliyeipima.

Siku ya tatu Jalia aliomba zamu ya mtu mwingine, akanyanyua simu yeye.

"Posta," ikaja sauti.

"Mwero, ni mimi."

"Nambari gani, bibi?"

"Mwero, nisikilize..."

"Bibi, taja nambari unayoitaka. Kuna watu wanangoja."

Akakata. Jalia akabaki ameshika chombo kile sikioni, kinanguruma kama kombe la baharini.

Aliyemfumbua macho ni Mbeyu, mpishi wa chuo, mtu wa Kinango aliyeolewa Msambweni miaka ishirini. Alikuwa akimenya mihogo, na Jalia amekaa kando akimsaidia vibaya.

"Nasikia ulikwenda kwa Mwanaima ukakataa chakula," akasema Mbeyu bila kumtazama.

"Nani kasema?"

"Si yeye. Yeye hasemi. Jirani aliona sinia likirudi na paja." Akatupa ganda. "Unajua mumewe alikufaje? Boga alikula chakula cha mchana, akalala, hakuamka. Moyo tu, daktari alisema. Lakini ndugu zake Boga walisema ni mkono wa mke. Miaka miwili, mwanangu, hakuna aliyekula kwake. Wanakuja, wanasalimia, ukileta hata maji wanasema wamefunga. Ndilo neno lao. Tumefunga, tumefunga. Mtoto yule Mwero alikuwa akila peke yake sinia zima ili lisirudi limejaa."

Kisu kikasimama mkononi mwa Jalia.

"Kuku yule," akaendelea Mbeyu, "tangu Boga afe, sijasikia kuku akichinjwa nyumba ile kwa ajili ya mgeni. Wewe ulikuwa wa kwanza."

Jalia hakungoja ruhusa. Aliinuka na mikono yake ya mihogo, akatoka kwa mlango wa nyuma na gomesi yake ya kazini, bila buibui, bila Bimkubwa, adhuhuri kweupe, watu wanamwona. Njia nzima alitunga hotuba ya Kiswahili. Alipofika uani yote ilikwisha kuyeyuka.

Bi Mwanaima alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka.

"Umekuja kufuturu?" akauliza.

Jalia akaketi chini, kwenye majivu, akasema. Alisema vibaya, Kiswahili cha baba yake kikarudi na misumari yake yote. Akasema juu ya jajja na mkono wake. Juu ya mwiko. Juu ya mayai ya Moinaecha. Akasema, "Mimi sikuogopa chakula yako, mama. Mimi naogopa kuchekwa. Nilichukua jina ya Mungu nikafunika aibu yangu. Sikujua mambo ya baba ya Mwero. Wallahi sikujua."

Nazi iliacha kukunwa. Bi Mwanaima alimkazia macho.

"Huko kwenu," akasema, "kuku anafugwa na nani?"

"Sisi."

"Anayemkimbiza akamshika?"

"Sisi. Watoto wa kike."

"Anayemnyonyoa? Anayempika?"

"Sisi, mama."

"Anayemla?"

"Wanaume."

Bi Mwanaima akarudi kukuna nazi mara mbili, tatu. Mabega yakaanza kumtetemeka. Jalia alidhani analia, akainuka kumshika, akakuta ni kicheko, kicheko kimekaa miaka na sasa hakijui pa kutokea.

"Mwiko huo, mwanangu," akasema akijipangusa macho na leso, "uliwekwa na bwana mmoja mwenye njaa." Kisha kicheko kikamwisha. "Ungeniambia. Ungesema, mama, mimi kuku sili. Ningekupa samaki. Mimi kukataliwa kuku si kitu. Neno ulilolitumia ndilo. Neno lile nilikwisha kulisikia sana."

"Nisamehe."

"Umekula leo?"

"Sijala."

"Mimi sina chakula cha wageni leo. Nina changu tu."

Akafunua chungu. Ilikuwa sima ya mahindi na mchunga, zile mboga chungu, zilizolala tangu jana. Akatoa sahani moja ya bati. Jalia akanawa, akaketi upande wa pili wa sahani ile ile, akamega, akachovya, akala. Uchungu wa mchunga ulimpanda hadi puani. Akamega tena. Bi Mwanaima hakula kwanza. Alikuwa akiutazama mkono wa msichana ukienda na kurudi. Halafu naye akatia wake.

Hivyo ndivyo Mwero alivyowakuta, amekuja kula chakula cha mchana. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Aliona sahani moja na mikono miwili.

"Unatuzibia mwanga," akasema mama yake. "Nawa, au nenda zako."

Akanawa. Akaketi. Walipokwisha na mama ametoka kumwaga maji, alisema kwa sauti ndogo, "Nilidhani umemwogopa."

"Najua ulivyodhani. Ungeniuliza."

"Nawe ungesema."

"Nilipiga simu, ukaniuliza nambari!"

Mwero akainamisha kichwa. "Kusema kweli, Jalia, hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa akingoja."

*

Bi Mwanaima hakutaka kusikia habari ya kuku. Jalia alisema atakula, siku yoyote, amchinjie hata wawili. "Hapana," akasema. "Kiapo cha bibi yako hukivunjii jikoni kwangu. Mwandikie. Mwambie yote. Akikataa, tutakula mchunga mpaka tuote majani."

Barua ikaenda kwa stempu ambayo Mwero hakuipima. Jibu likachukua majuma matano. Mwero alilileta mwenyewe, mbio, na Jalia alilisoma kwenye ua wa Bi Mwanaima, akilitafsiri sentensi kwa sentensi. Jajja alikuwa amemwambia kaka yake Jalia aandike kila neno kama alivyolitamka, na kaka mtu alitii.

"Mjukuu wangu. Mwambie mama huyo nimemsikia. Miaka yangu yote nimeushika mwiko huu na sijaonja kuku. Hapana, futa hapo. Usifute, acha, wajue. Nilionja mchuzi, mwaka baba yako aliporudi vitani. Mpishi atajuaje chumvi? Jalia, sikukuapisha kwa ajili ya kuku. Nilikuwa nikiogopa utanisahau, na sikuwa na kitu kingine cha kukufungia. Sasa naona umeshinda njaa mbele ya watu kwa ajili yangu, na nimeona haya. Kiapo kimekwisha. Kula au usile. Ila usimdanganye tena mtu aliyekupikia."

Jalia aliikunja barua, akaikunjua, akasoma tena mahali pa kuogopa kusahauliwa, kimoyomoyo, kwa lugha yake. Bi Mwanaima akainuka bila kusema kitu, na punde wakasikia kelele bandani.

Alasiri ile walikula watatu. Paja likawekwa mbele ya Jalia. Akalishika kwa vidole viwili, Mwero na mama yake wamesahau kutafuna, akauma. Akatafuna. Akatafuna tena, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza kelele za mbali.

"Ndiyo huyu?" akauliza.

"Ndiye huyo," akasema Bi Mwanaima.

"Huyu tu?"

"Huyu tu."

"Haki ya Mungu," akasema Jalia polepole, "wametuonea kwa kitu kidogo."

Bi Mwanaima alipaliwa na wali. Mwero akanyosha mkono. "Basi nirudishie kama hakufai."

"Ng'o! Nimesema mimi simtaki?"

Vyombo vilipoondolewa, Mwero alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa kwa kubebwa. Akamwekea Jalia juu ya mkeka. Ilikuwa fomu ya posta, ya kuomba uhamisho. Posta ilikuwa moja kwa nchi zote hizi, karani wa Msambweni angeweza kupelekwa Tabora au Kisumu. Mahali pa kituo palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wake mzuri, Kampala.

Jalia aliisoma juu hadi chini. Kidole chake kikasimama kwenye tarehe.

"Hii ni wiki ile," akasema. "Wiki uliyokuwa hutaki kunisikia. Uliandika siku uliyoniuliza nambari."

"Ndiyo."

"Ukiwa umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia sana, siwezi kukuficha. Kalamu ilitoboa karatasi, tazama hapo." Akaonyesha. "Lakini nilikuwa nimekasirika, Jalia. Sikuwa nimekuacha."

Bi Mwanaima, aliyekuwa akipangusa mkeka, akawa anapangusa mahali pamoja tu. Alikuwa na mwana mmoja, na Kampala ilikuwa mbali.

"Mayo," akasema Mwero, akimgeukia mama yake, "sijaipeleka. Ukisema neno moja naichana."

"Mimi nimesema nini?" akauliza mama yake. "Gari moshi haliendi na kurudi? Nitakuja nimwone huyo mwanamke aliyeonja mchuzi." Akamgeukia Jalia. "Hebu niambie, mwanangu, mimi sijui kusoma. Imejaa hiyo karatasi?"

Jalia akatazama. "Bado. Pameachwa mahali pamoja. Wanauliza sababu ya kuomba uhamisho."

"Mwero, mbona hukuandika sababu?"

"Nilikuwa sijui kama ninayo," akasema Mwero.

Jalia alinyosha mkono, akachomoa kalamu moja kutoka mfuko wa shati lake. Akaulaza mguu, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika neno moja, bila haraka, kwa herufi kubwa ambazo kila karani wa serikali angeweza kuzisoma. Mwero akachungulia begani mwake.

"Kaandika nini?" akauliza Bi Mwanaima. "Nyinyi, si nauliza? Kaandika nini?"

Mwero alikuwa bado analisoma neno lile.

"Nimeandika ndoa, mama," akasema Jalia.

Bi Mwanaima akakiweka chini kitambaa chake. Akaisogelea ile karatasi, akaitazama kwa makini, ingawa kwake ilikuwa mistari tu, akaipuliza taratibu.

"Basi iacheni ikauke," akasema, "kabla hamjaikunja."